Kazi ya Watu Wawili

Pasheni mikono kwanza. Kabla hujamgusa mzee wa watu asubuhi, simama kwenye sinki lake, fungulia maji ya moto, uiache mikono humo mpaka ipate joto. Mtu aliyelala chini ya blanketi usiku kucha hastahili kuamshwa na vidole vilivyotoka kwenye baridi ya kituo cha basi cha Wembley mwezi wa kwanza. Hili hamtaambiwa kwenye mafunzo. Kwenye mafunzo mtaonyeshwa video, mtapewa maswali ya kuweka alama ya vema, kisha mtavishwa fulana ya kampuni na kupelekwa kwa mtu ambaye hajawahi kukuona, ukamwambie umekuja kumvua nguo.

Mimi ni Mama Tumaini, mtu wa Mbeya, na kazi ya kutunza wazee majumbani hapa London ndiyo iliyonizeesha. Nyie mnaoianza mnanizunguka baada ya ibada na kuniuliza siri ni nini. Siri hakuna, wanangu. Kuna mambo madogo madogo. Funika sehemu ya mwili ambayo huioshi. Mwambie unachotaka kufanya kabla hujakifanya, hata kama unadhani hasikii. Chai mwulize kila siku anaitakaje, hata kama umemtengenezea ileile tangu enzi. Siku utakayoacha kumwuliza ndiyo siku atakayojiona hana kauli tena ndani ya nyumba yake. Na ofisi ikikuambia mwenzako yuko njiani, vua koti ukae.

Hilo la mwisho lina maelezo yake. Kuna kazi ya mtu mmoja na kuna kazi ya watu wawili, tuliyokuwa tukiiita dabo. Mzee asiyeweza kusimama huruhusiwi kumwinua peke yako, wala kumvuta juu kitandani, wala kumtia kwenye ile mashine ya kuinulia inayomning'iniza hewani. Lazima muwe wawili. Basi ukifika na mwenzako hajaonekana, unapiga simu ofisini, na msichana wa ofisini anasema kwa sauti tamu kwamba yuko njiani. Maana yake mwenzako bado anatafuta soksi. Au basi limekwama Harrow Road. Au hakuna mwenzako kabisa, ila msichana hana moyo wa kukuambia. Kwetu ikawa utani. Wambui akialikwa sherehe asiyoitaka alikuwa anasema, "Waambie niko njiani," na sote tunajua sahani yake isiwekwe.

Wambui ndiye aliyekuwa dabo yangu. Mama wa Nyeri, mrefu, mikono kama ya mkulima, viatu vyeupe muda wote utadhani ni nesi wa zamani. Tulipangwa pamoja siku ya kwanza kwa Mwingereza mmoja, Bwana Arthur, fundi mwashi mstaafu aliyeishi mtaa wa nyuma ya uwanja wa mpira. Miguu yake ilikuwa haifanyi kazi tena. Usiku alikuwa ameteleza kitandani kuelekea miguuni, kama wanavyoteleza wote, na tulitakiwa kumpandisha kwa shuka la kutelezesha. Mmoja anasimama huku, mwingine kule, mnashika shuka, mnahesabu, mnavuta kwa pamoja.

Nikahesabu moja, mbili, tatu, nikavuta. Wambui hakuvuta. Yeye alizoea moja, mbili, tatu, halafu "haya!" Mimi nikavuta kwenye tatu, yeye akavuta kwenye haya, na Bwana Arthur wa watu akaenda kulia, akarudi kushoto, akaishia mshazari, kichwa kwenye kimeza cha taa. Akatutazama mmoja mmoja, akauliza kama tunaelekea mji mmoja.

Tukabishana hapohapo juu ya kifua chake.

"Dada, tatu ndiyo tatu!"

"Tatu ni ya kujitayarisha, Mama Tuma! Kwani nyinyi Watanzania mnakimbia wapi?"

Mwishowe alikubali tatu iwe tatu, kwa masharti kwamba kitufe cha mashine atakishika yeye. Toka hapo hatukukosea tena. Mikono yangu ilijua yake iko wapi hata nikiwa nimegeuka. Bwana Arthur naye akaishika ile hesabu. Asubuhi tukishakamata shuka, alikuwa anatuhesabia mwenyewe kwa Kiswahili chake cha ajabu, na akifika tatu anapaa kama mtu aliyejipandisha kwa nguvu zake.

Huyohuyo Bwana Arthur alikuwa na bango dirishani, la chama kinachotaka mipaka ifungwe. Kila asubuhi tulipita chini ya bango lile tukiwa na ufunguo wa nyumba yake mkononi. Siku moja nilimwuliza. Akaona haya kidogo. "Siyo nyie, wapenzi," akasema. "Nyie ni wazuri." Na nyie mtaambiwa hivyo, jiandaeni. Neno lile lilikuwa linaniuma kuliko tusi, kwa sababu tusi unaweza kulijibu.

Siasa tulibishana tangu mwanzo, nisiwadanganye. Bosi wetu, Harish, mzaliwa wa Kisumu, alikuwa na ofisi yake juu ya duka la vitambaa kule Kenton, na ukienda kuchukua glavu lazima upewe hotuba ya kodi. Kodi ya kampuni, mchango wa mwajiri juu ya kila mfanyakazi, na halmashauri inayolipa huduma kwa mkono wa birika. "Nitoe wapi, Mama? Nikate mguu?" Mimi namwambia hiyo kodi ndiyo inayolipa hospitali atakayolazwa huo mguu ukikatwa. Wambui alikuwa anamtetea Bosi, mimi namshambulia, tunashuka ngazi bado tunabishana, tunaingia basini tunabishana, watu wanahama viti. Halafu tunagawana muhogo wa kuchemsha aliokuja nao kwenye kopo. Nilidhani ubishi wa siasa ni kitu cha kupitishia safari.

Kisha akaja Neema.

Neema ni mtoto wa mdogo wangu wa mwisho. Alikuwa ameshakubaliwa kazi kwa Bosi Harish na anasubiri viza tu, ndipo serikali ikatangaza kwamba watunza wazee wanaotoka nje hawataruhusiwa tena kuja na mume, mke wala mtoto. Alikuwa na mwanawe, Baraka, ndiyo kwanza anaanza kutamka maneno vizuri. Tulishauriana sana kwenye simu. Uchaguzi ulikuwa unakaribia, na mimi ndiye niliyesema aje, serikali ikibadilika huenda na sheria ikalegezwa. Akamwacha mtoto kwa bibi yake Mbeya, akaja.

Nimefanya kazi na wengi, lakini mikono kama ya Neema sijaiona. Midogo, laini, haina haraka. Angeweza kumpitishia mgonjwa kile kitambaa cha kubebea cha mashine chini ya mgongo bila kumwamsha. Wambui ndiye aliyemfundisha, na alijivunia kama amemzaa. Alikuwa anamletea sweta, anamkaripia kwa kutokula, anamwonyesha mabasi. Siku moja tukiwa kwa Bwana Arthur, Neema amemgeuza mzee kitandani mpaka mzee mwenyewe hakujua kama amegeuzwa, Wambui akaniambia, "Mimi nikizeeka mniletee Neema. Nyinyi wengine mtanivunja."

Tulicheka sana siku ile.

Kabla ya uchaguzi mgombea mmoja alikuja kuzungumza nasi kwenye ukumbi wa kanisa. Ilikuwa nafasi yetu. Nilikaa na akina mama, tukakubaliana asimame mtu mmoja aeleze habari ya watoto walioachwa. Kiingereza changu kikipata hasira huwa kinavunjika, kwa hiyo nikamwomba Wambui. Akanitazama, akasema sawa. Neema alikaa mstari wa mbele, amevaa gauni jipya, na kwenye simu yake alikuwa ameshaweka tayari picha ya Baraka, endapo mgombea angetaka kuiona.

Wambui akasimama na kuongea taratibu, bila kukosea neno. Alimwambia yule bwana asifungue. Afunge.

"Unamleta mama, mtoto anabaki," alisema. "Ama unawaleta wote wawili, unawatia chumba kimoja, na kampuni inajua huyu hawezi kusema hapana, kwa hivyo inamfanya punda. Mimi nilingoja makaratasi mpaka binti yangu akawa mtu mzima. Nyambura wangu alilelewa na dada yangu. Alipokuja hapa airport alinisalimia kwa mkono, kama mgeni. Hakuna mtu alisimama mahali akanisemea. Fungeni. Mkishajua mnataka nini na sisi, ndio mfungue."

Mgombea akamshukuru sana, kwa furaha ambayo hata kuificha hakujaribu, na baadaye tulisikia kila anakopita anasema kwamba hata wahamiaji wenyewe wanaomba mlango ufungwe. Neema alizima simu yake akaiweka kwenye mkoba.

Nilimfuata Wambui mpaka kituo cha basi.

"Umemkanyaga Neema mbele za watu."

"Nimesema ukweli yangu. Wewe ulitaka niseme yako."

"Umeshaingia, ndiyo maana unafunga."

"Ndiyo, nimeingia. Na unajua nililipa nini. Mimi nampenda huyo msichana kukushinda wewe. Ni wewe ulimwambia akuje bila mtoto. Ni mimi ningemwambia akae."

Nilikuwa na hasira tu, na hasira ilikuwa inatosha. Neema alikuwa amesimama kati yetu ameshika mikoba yetu wote wawili, maana tulimpa ukumbini na tukasahau kuichukua. "Mama mkubwa," akasema, "basi linakuja." Nikapanda. Wambui akabaki akisubiri jingine.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa dabo kama kawaida, ratiba haijui ugomvi. Nikafika, nikapasha mikono. Wambui akafika, akapasha yake. Tukashika shuka. Moja, mbili, tatu. Hayo ndiyo yakawa maneno pekee kati yangu na Wambui. Miezi na miezi, wanangu. Moja, mbili, tatu, kisha kila mtu na mkoba wake, yeye mlango wa mbele wa basi na mimi ule wa kati. Na mikono haikukosea hata siku moja. Hilo lilinisikitisha kuliko yote, kwamba mikono ilikuwa bado inapendana.

Bwana Arthur aliona. Alijaribu utani, akajaribu biskuti, mwishowe akatuamuru tupeane mikono, akisema nyumba ni yake na hataki kuinuliwa na watu walionuniana. Tulikuwa tumemning'iniza kwenye mashine, anabembea katikati yetu kama furushi, anatoa amri. Wambui akageuza uso dirishani. Mimi nikashughulika na soksi zake. Hatukupeana. Alifariki kabla ya majira ya baridi kwisha, na kwenye mazishi tulikaa benchi mbalimbali, mtoto wake akatushukuru sote kwa pamoja kama mtu na pacha wake.

Uchaguzi ulipita. Chama nilichokitaka kikashinda, nikapiga vigelegele jikoni peke yangu. Ile sheria ya watoto haikuguswa. Baadaye haohao wangu wakafunga kabisa kuajiri watunza wazee kutoka nje. Kimoja kilianza, kingine kikamalizia. Mchango wa waajiri nao ukapanda, kama Bosi Harish alivyokuwa akilia, na safari hii hakuwa anatania. Alituita Kenton, akasimama mbele yetu huku chai yake inapoa, akasema anafunga kampuni. Mimi niliyemcheka miaka yote nilishindwa kumtazama. Na Wambui, aliyemtetea miaka yote, ndiye aliyekwenda kumshika bega.

Sisi wenye uraia ilikuwa kutafuta kazi nyingine au kustaafu. Mimi nikastaafu. Neema viza yake ilifungamana na kampuni ile. Kampuni ikifa, na yeye anapewa muda mfupi apate nyingine yenye kibali cha kuajiri wageni. Alizunguka. Ilford, Croydon, Luton. Zilizokuwa zinahitaji watu hazikuwa na kibali, na zenye kibali hazikuwa na kazi. Alikuwa anakaa kwangu, na usiku namsikia anaongea na Baraka kwenye simu, na mtoto anamwita "anti," kama anavyowaita wanawake wote kwenye simu. Alipofikia hapo mwenyewe akasema basi, anarudi.

Alinunua viatu vya shule kwa kukisia. Alivipima kwa kiganja chake dukani, akasema labda hivi, labda atakuwa amefika hapa. Wambui hakuja kumuaga, ila alituma begi kubwa la nguo za mtoto kwa mkono wa mama mmoja wa kanisani, bila salamu. Nilitaka lirudishwe. Neema akalipokea, akazitoa zote, akazikunja upya moja moja, akazipanga kwenye sanduku lake.

Basi. Juzijuzi nikaambiwa kwamba Wambui amepigwa na kiharusi, ametolewa hospitali, yuko kwake Kenton, upande mmoja wa mwili haufanyi kazi. Nilikaa na habari hiyo siku kadhaa. Sitawaambia nilimwombea, nilikuwa bado na hasira. Halafu asubuhi moja nikajikuta nimevaa koti.

Mlango ulifunguliwa na mtunzaji wake, binti anaitwa Joy, mzaliwa wa hapahapa kwa wazazi wa Kakamega, anaelewa Kiswahili chote na anakujibu kwa Kiingereza. Nikaenda kwenye sinki kwanza. Nikapasha mikono, muda mrefu kuliko inavyohitajika. Kisha nikaingia chumbani.

Wambui wangu alikuwa ameteleza. Ameshuka chini ya mto mpaka kidevu kimegusa kifua, shingo imejikunja, hawezi kujisogeza. Mashine ya kuinulia imesimama kwenye kona, na kiti chake cha karibu na dirisha kimetandikwa khanga. Mwanamke yule mrefu. Aliniona. Jicho moja likajaa maji.

Joy akanieleza kwa adabu kwamba anamsubiri mwenzake. Akapiga simu ofisini, simu ikiwa kwenye spika, na nikaisikia sauti tamu nisiyoijua, lakini naijua. Yuko njiani. Nikavua koti, nikakaa.

Tukasubiri. Joy akamwosha uso, akamsafisha meno, akamlisha uji kidogo kidogo, na akipumzika anaangalia saa. Akapiga tena. Yuko njiani. Sasa Wambui alikuwa anakoroma kwa ile shingo iliyojikunja, na mimi nikashindwa. Nikasimama upande wa pili wa kitanda, nikashika shuka.

"Shika huko, mwanangu. Tunavuta kwenye tatu."

Joy akarudi nyuma, mikono ameificha mgongoni, akanijibu kwa Kiingereza chake. "Siwezi, Auntie. Wewe humo kwenye ratiba. Ukiumia wewe, au yeye, nimekwisha."

Nilitaka kumfokea. Lakini sheria hiyo niliwafundisha wasichana wengi kabla yake, na ningekuwa mimi ningekataa vilevile. Nikaachia shuka. Nikamsukumia mto mdogo chini ya shingo, hicho tu kinaruhusiwa. Muda wa Joy ukaisha, kuna mzee mwingine Wembley anamsubiri peke yake na hajanywa dawa. Akambusu Wambui kwenye paji la uso. "Sorry, Auntie," akaniambia mlangoni, na alikuwa karibu kulia. Nikamsikia anashuka ngazi mbio.

Tukabaki wawili. Pale kwenye kimeza kulikuwa na picha ya Nyambura, aliyerudi kuishi Nairobi, na wanawe. Nikavuta kiti. Sikujua nianzie wapi, kwa hiyo nikamwuliza chai anaitakaje. Mdomo ukahangaika. Maneno yanamtoka kwa shida, moja moja, kama mtu anayetoa vitu ndani ya mfuko bila kuona.

"Mama Tuma," akasema.

Sikuwa nimelisikia jina hilo kinywani mwake tangu kile kituo cha basi. Nikalia, sikuona sababu ya kujizuia. Akaningoja nimalize. Kisha akahangaika tena.

"Neema?"

Sijui kama ugonjwa ulikuwa umemsahaulisha, au alikuwa anauliza kwa makusudi, au alikuwa anaomba kitu. Nilimtazama amekunjwa pale, na lile ombi lake la kuletewa Neema akizeeka nikalikumbuka neno kwa neno. Ningeweza kumwambia kwamba Neema yuko Mbeya. Kwamba viatu vilikuwa vidogo. Kwamba mtoto alimsalimia kwa mkono.

"Yuko njiani," nikasema.

Wambui akanitazama. Hakuna mtu London nzima aliyelijua neno hilo kumshinda. Ule upande wa mdomo ulio hai ukacheka kidogo, kisha akafumba macho, machozi yakamshuka mpaka kwenye mto. Nikaushika mkono wake kwa mikono yangu yote miwili, tukakaa hivyo, tunasikiliza ngazi.